Mume wako analia, wewe ndio hujalia

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, ndoa yangu ina miaka 8 na tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka 6. Shangazi mimi nimelelewa kuwa jasiri, sio mtu wa kulialia, na nilipoolewa nilijua nimepata mwanaume. Sasa huyu mtu tangu mwaka huu uanze amebadilika. Analia. Juzi tunaangalia filamu, mbwa akafa, mtu mzima anajifuta machozi na mkono wa shati mbele ya mtoto. Siku nyingine nimechungulia dirishani namwona yuko ndani ya gari, kazima injini, kalaza kichwa kwenye usukani, zaidi ya nusu saa, akaingia macho mekundu eti vumbi. Halafu huyo huyo mama yake akija wanakaa jikoni wanacheka mambo ya kijinga mpaka wanashikilia kaunta, mimi nikiingia wananyamaza. Hata wiki mbili tu baada ya yale ya mwezi wa pili, mimba yangu ya miezi 5 iliharibika lakini hayo yalishapita na kazini nilirudi siku ya nne, wao walikuwa wanacheka! Naamini wananicheka mimi. Nimemwambia akilia tena mbele ya mtoto naondoka na mwanangu, maana mimi namlea awe jasiri, hata akianguka halii. Je huyu mwanaume ni dhaifu au kuna mwanamke nje anamvuruga? Na mama mkwe nimfanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole sana. Pole nimeshaitoa, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye vumbi, manake hakuna mwanaume duniani ambaye hajawahi kusingizia vumbi. Mara ya pili nikavua miwani.

Hebu tuanze na ulichokificha. Mbwa wa kwenye filamu umempa sentensi yake peke yake, kaunta ya jikoni imepata nafasi, gari, usukani, mkono wa shati, vyote umeviona na ukavielezea vizuri kabisa, una jicho wewe. Lakini mtoto uliyembeba miezi 5 umemchomeka katikati ya sentensi ya kumsema mama mkwe, ukamfunika haraka haraka na "hayo yalishapita". Yalipita kwa nani? Kwa mume wako hayajapita, ndio yule unamwona kwenye usukani. Kwa mama mkwe hayajapita. Na kwako ndio kabisa hayajapita, ila umeyakalia juu kama mtu aliyekalia sanduku lisilofunga.

Umeniuliza kama kuna mwanamke nje. Mwanangu, mwanaume mwenye mwanamke nje hakai nusu saa kwenye gari mbele ya nyumba yake, anachelewa huko huko na akiingia anaingia anapiga mluzi. Huyu wako alishafika nyumbani. Kilichomshinda ni kufungua mlango na kukuta uso wako.

Najua hilo limekuuma. Acha likuume kidogo.

Sasa hili la kusema ni dhaifu. Miaka ya 1980 kule Marekani kulikuwa na mtafiti anaitwa William Frey, akawaambia watu waandike kila wanapolia, ikaja kuonekana wanawake wanalia kama mara 5 kwa mwezi na wanaume mara 1 na ushee. Wewe utaniambia si unaona, wanaume hawalii. Mimi nakwambia si unaona, wanaume wanalia, kila mwezi, tena hao ni wale waliokubali kuandika. Wengine ndio hao wa vumbi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawakusema mama, wamesema mzazi, na mume wako ni mzazi. Alishaanza kuwa baba wa watoto wawili kichwani mwake, labda na jina alishalipata hajakwambia, halafu mwezi wa pili wakamwambia rudi kwenye mmoja. Na nyumbani hakuna wa kulia naye kwa sababu aliyembeba mtoto mwenyewe kesharudi kazini siku ya nne na amepaka wanja.

Kuna msemo, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa mkubwa ni wewe. Wewe hukuanza. Sasa wengine wote wamebaki mlangoni hawajui waingie au warudi, na mumeo akaamua kuulilia msiba wenu kupitia mbwa wa watu. Ule haukuwa msiba wa mbwa, mwanangu, hata wewe unajua, ndio maana ulikasirika vile. Ungekuwa ni msiba wa mbwa ungemcheka tu yakaisha.

Nije kwa mama mkwe, manake hapo ndipo ulipotaka nikushike mkono na mimi sitakushika. Nipo upande wake. Unasema wanacheka mambo ya kijinga hata hayachekeshi. Sasa nani alikwambia watu wanacheka mambo ya kuchekesha? Kuna bwana mmoja, Robert Provine, alikuwa anazunguka sehemu za watu anasikiliza wanavyocheka na nini kimesemwa kabla, akakuta vicheko vingi sana havitokani na utani wowote, mtu amesema tu "haya tutaonana" wenzake wanacheka. Na mtu akiwa na wenzake anacheka mara 30 kuliko akiwa peke yake. Kicheko kinataka mtu, mwanangu, kama moto unavyotaka hewa. Kwa hiyo wale wawili pale jikoni kijiko kimedondoka, mmoja kakiokota kikadondoka tena, basi, wamekwisha. Hawakuwa wanakucheka wewe. Walikuwa wamepata dakika mbili za kupumua. Na walinyamaza ulipoingia kwa sababu wanakuogopa, au niseme kwa adabu zaidi, wanaogopa kukuumiza, wanaona wewe hulii wanadhani na kucheka umekataza. Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe? Akilia kosa, akicheka kosa. Sasa afanye nini huyo mtu, ahesabu vigae?

Na hilo la "wiki mbili tu baada" nataka nilikalie kidogo kwa sababu wengi mnalikosea, sio wewe peke yako. Mnadhani kicheko na machozi ni maadui, kwamba aliyecheka msibani hana uchungu. Mimi nilipofiwa na mume wangu nililia mpaka sauti ikakauka, siku ya tatu usiku tumekaa chumbani mimi na wifi yangu, taa imezimwa, wifi akaanza, "unakumbuka siku ile alivyoenda kwenye harusi na viatu viwili tofauti, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, akakataa kata kata kwamba ndio mtindo?" Nikasema nakumbuka, tena cha kahawia kilikuwa cha kwako. Walahi tulicheka. Tulicheka tumeziba midomo na mto kama watoto wa bweni, mbavu zinauma, kitanda kinatikisika, na katikati ya kile kicheko sijui ni saa ngapi kikageuka kilio na sijui ni saa ngapi kikarudi kuwa kicheko. Mama mmoja akagonga mlango akasema nyie hamna haya. Mpaka leo ukiniuliza nani alinitoa kwenye ule msiba sitakutajia yule mama aliyegonga.

Mwili wenyewe hauvitenganishi hivyo unavyovitenganisha wewe. Cheka sana uone, machozi yanatoka. Lia sana, kifua kinatikisika vile vile na pumzi inakatika vile vile, na pua inatoka kamasi kwa sababu machozi yana kijitundu chake kwenye kona ya jicho kinachoteremka puani, hayo mengine yanayokuja mashavuni ni yaliyofurika tu. Kuna wagonjwa wa kiharusi na magonjwa mengine ya ubongo ambao hucheka au kulia ghafla bila kutaka, mtu anaanza kucheka anaishia analia na hajui kwa nini, madaktari wanalijua hilo na wana jina lake. Na mwaka 1962 huko Tanganyika, shule moja ya wasichana Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka, ikaenea, wanafunzi 95 kati ya 159, wanacheka na kulia kwa zamu mpaka mwezi wa tatu shule ikafungwa. Dunia nzima inaisimulia kama kichekesho lakini waliokwenda kuchunguza hawakukuta furaha pale, na wataalamu wa baadaye wengi wanasema ni msongo uliokosa pa kutokea. Kwa hiyo ukimsikia mumeo anacheka wiki mbili baada ya msiba, kabla hujauliza "amesahau?" uliza kwanza kile ni kicheko cha nini.

Tena si nimekwambia una jicho wewe. Kuna daktari wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, tangu mwaka 1862 aliandika kwamba tabasamu la kweli linashika mpaka misuli ya kuzunguka macho, na hiyo misuli haikubali kuamrishwa, ya mdomo ndio unaweza kuidanganya. Nenda kaangalie picha zako za kuanzia mwezi wa tatu. Ziba mdomo na kidole, angalia macho tu.

Nimekungoja.

Haya. Sasa ya mtoto, na hapa naongea kwa ukali kidogo. Umejisifu kwamba binti wa miaka 6 akianguka halii. Nataka siku akianguka tena usiangalie goti, angalia macho yake yanakwenda wapi kwanza. Yanakuja kwako. Anakusoma uso, akikuta umekaza na yeye anakaza, anajifuta vumbi anasema sijaumia mama, na wewe unafurahi unasema jasiri wangu. Huo sio ujasiri, huyo mtoto anakulinda wewe. Miaka 6 na keshapewa kazi ya kumlinda mama asione machozi. Na hebu niambie ukweli, alikuwa anajua kuna mdogo wake anakuja? Miezi 5 tumbo linaonekana, lazima alijua. Nani alimwambia mdogo wake hayupo tena? Kwenye barua hujasema. Nahofia hakuna aliyemwambia, tumbo limeondoka tu na watu wameendelea kula.

Yule mtoto alipozaliwa alianza na nini? Na kilio, na mkunga hakumwambia awe jasiri, chumba kizima kilikuwa kinakisubiri hicho kilio na kilipokuja wote mkashusha pumzi. Wiki za mwanzo alilia makavu, machozi yalikuja baadaye, kama unakumbuka. Tabasamu la kukujua wewe likaja kama wiki ya sita hivi, kicheko chenye sauti mwezi wa tatu, wa nne. Hivi vitu viwili alikuja navyo, hakuna aliyemfundisha, na kwa muda mrefu kabla hajajua kusema "mama" ndiyo ilikuwa lugha yake yote, hiki kuita uje na kile kukuomba usiondoke. Wewe leo unataka kumnyang'anya nusu ya lugha, na ninavyokuona hiyo nusu nyingine nayo iko njiani kuondoka.

Na yule wa mwezi wa pili, mlikuwa mnasubiri kilio chake na hakikuja. Sasa angalau chenu kije.

Naomba niwaseme na wengine kidogo, wewe kaa pembeni unywe maji. Ndoa za siku hizi mimi zinanishangaza. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu kageukia ukuta wake na simu yake, huyu anatuma ile emoji ya kucheka mpaka machozi, tatu kwa mpigo, na uso wake umekauka kama ubao. Mwaka 2015 kamusi za Oxford waliichagua hiyo emoji kuwa neno la mwaka, wakati hata sio neno, na mimi nikasema sawa, watu wamejichagulia sura inayocheka na kulia kwa pamoja kwa sababu wenyewe hawafanyi hata kimoja. Kicheko mmempa mtu wa kwenye klipu usiyemjua, machozi mmeyapeleka kwenye tamthilia, mke na mume wakibaki wawili wanaongelea bili na nani anamchukua mtoto. Halafu kuna hili la "usiniletee stresi". Mtu kaolewa, kaapa shida na raha mbele ya watu, mwenzake akiinamisha kichwa siku mbili anasema usiniletee stresi, nataka amani ya moyo. Amani gani hiyo, hiyo ni ganzi! Na ganzi ya moyo haichagui, ukipigwa upande wa machozi na upande wa kicheko unakufa, sawa na ya daktari wa meno, uling'oa jino la kushoto lakini ulivyotoka pale ulikuwa unaweza kutabasamu? Kidomo kilikuwa kinavuja maji. Na hawa wanawake wa "mimi ni jasiri", nawapenda, nilikuwa mmoja wao, lakini wengi tulifundishwa ujasiri na watu waliokuwa hawana muda wa kutubembeleza, tukaja kuuita tabia njema.

Dini zenyewe hazikuchagua kimoja. Mhubiri sura ya 3 ameweka wakati wa kulia na wakati wa kucheka, na Qurani, Sura ya Najm aya ya 43, inasema ni Yeye anayeleta kicheko na kilio. Sasa wewe nani uvunje kimoja?

Turudi. Mumeo naye ana kosa lake, sitamficha. Amekimbilia kwa mama yake na kwenye gari, hakuja kwako kukwambia mke wangu mimi nimeumia, na wewe umeumia, njoo tukae. Labda alijaribu, labda alikuja ukamwambia yalishapita, hilo mnajua wenyewe, ila barua yako inanipa jibu fulani kwa sababu mtu anayetishiwa kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya chozi hawezi kurudi na la pili. Hiyo kauli ya kuondoka na mwanao uiondoe, leo, kwa mdomo wako, na usiiondoe kwa "nilikuwa na hasira tu". Sema nilikosea.

Halafu usitegemee miujiza. Watu wanadhani ukilia tu unajisikia vizuri hapo hapo. Uholanzi, chuo kikuu cha Tilburg, waliwaonyesha watu filamu za huzuni, waliolia mwanzoni walijisikia vibaya zaidi kuliko walivyokuja, baada ya dakika 20 wakarudi pale walipokuwa, na kama dakika 90 baadaye wakawa na nafuu kuliko kabla hawajaanza. Mtafiti mmoja wa huko huko, Ad Vingerhoets, ambaye amechimba mambo ya machozi miaka mingi, anasema inategemea sana uliyelia mbele yake alikupokeaje, aliyebembelezwa anapata nafuu, aliyeaibishwa anatoka na jeraha juu ya jeraha. Sasa wewe ulikuwa unamkatisha mwenzio dakika ya pili na kumwaibisha juu. Mpe hizo dakika 90, na wewe ujipe. Na ukiona ukishaanza huwezi kunyamaza wiki kwa wiki, usingizi umekataa, chakula hakipiti au unawaza bora usingekuwepo, hapo usije kwa shangazi, nenda kwa daktari au mshauri nasaha, mwambie yote bila kuruka mwezi wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mama mkwe umeniuliza umfanyeje. Umfanye chai, nimfanyeje gani sasa! Siku akija wakianza kucheka jikoni usiingie na uso wa askari, ingia chukua kitambaa, panguza vyombo, uliza "mnacheka nini?" na wakikwambia ni kijiko, na sio cha kuchekesha hata kidogo, baki hapo hapo. Usiondoke. Yule mama najua kuna kitu anakijua kuhusu mimba zinazoharibika ambacho hujawahi kumuuliza, wanawake wa umri wetu wengi tunakijua tumenyamaza nacho miaka. Muulize mkiwa wawili.

Na leo jioni ukiona gari limesimama nje, taa zimezimwa na mtu hashuki, usichungulie dirishani. Vaa ndala, toka, fungua mlango wa abiria ukae. Usiulize una nini, unajua ana nini. Usiseme kitu. Yeye atasema vumbi, mwache aseme, na mkono wako uweke pale kwenye usukani karibu na wake, halafu usikaze uso.

Ukiniandikia tena, usianze na miaka 34 wala na mbwa. Anza na mwezi wa pili.

Shangazi yako.